Kimondo cha Mbozi kisisifiwe kwa uzito tu

Mhariri,

Kila kinapotajwa kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, husifiwa uzito wake unaokadiriwa kuwa tani 16, na habari huishia hapo. Naomba nafasi nieleze jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: madini ya vimondo vya chuma huhifadhi historia ya joto lililovipata.

Kimondo hiki ni chuma kwa takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni metali ya nikeli. Mchanganyiko wa namna hiyo unapopoa polepole ndani ya sayari ndogo, hujitenga kuwa madini mawili, yaani kamasaiti yenye nikeli kidogo na taenaiti yenye nikeli nyingi. Kadiri joto linavyoshuka ndivyo atomi za nikeli zinavyosafiri kwa shida, hata zikarundikana kingoni mwa taenaiti bila kufika katikati. Tangu miaka ya 1960 wanasayansi wamekuwa wakipima nikeli hiyo kwa mwale wa elektroni, mikroni kwa mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha wakakokotoa kasi ya kupoa, ambayo kwa vimondo vingi ni nyuzi joto chache tu hadi maelfu kwa kila miaka milioni moja. Kasi ndogo mno ni ushahidi kwamba chuma hicho kilifunikwa na mwamba mnene kabla ya sayari yake kuvunjika.

Wanafunzi wanaopelekwa Mbozi wanastahili kuelezwa haya, nami naliomba gazeti lako liyaandikie makala kamili yenye picha.

Msomaji wako,
Mbeya