Kwa Wazee wa Kanisa na Kamati za Misikiti: Ulizeni Pesa Zimetoka Wapi

Wazee wenzangu wa kanisa, wanakamati wa misikiti, waweka hazina na viongozi wa kwaya,

Amani iwe kwenu. Nawaandikia nikiwa nimeudhika. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na kadi za harambee zimeanza tena kuchapishwa kote Kenya, jina la mheshimiwa likiwa kubwa kuliko jina la Mungu anayejengewa nyumba. Leo ni paa la kanisa, wiki ijayo ni ukuta wa madrasa. Mheshimiwa anafika ibada ikiwa katikati, mahubiri yanakatizwa, anakabidhiwa kipaza sauti, anataja milioni zake, anamtukana mpinzani wake mbele ya watoto, anaombewa, kisha msafara unaondoka. Mnabaki mnashangilia. Hakuna aliyeuliza pesa zile zimetoka wapi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mishahara ya wabunge, magavana na mawaziri si siri. Tume ya Mishahara na Marupurupu huichapisha katika gazeti rasmi la serikali. Mweka hazina achukue karatasi, aandike mshahara wa mwezi upande mmoja, na upande wa pili aandike michango ambayo mheshimiwa huyo ametangaza hadharani mwezi huohuo. Ikiwa michango inaupita mshahara mara kadhaa, kuna mtu mwingine anayelipa. Yeye husema, “Mimi na marafiki zangu tumeleta kidogo.” Mara nyingi rafiki huyo ni mkandarasi. Bei ya zabuni inapandishwa, mkandarasi analipwa, fungu la mkubwa linamrudia kwa noti, na noti hizo zinagawanywa: nyingine kwenye kampeni, nyingine madhabahuni. Ndiyo sababu bahasha huja na noti tupu. Hundi ina jina la mtu, akaunti na tarehe, nayo hufuatiliwa hata baada ya miaka. Na yule mama anayepiga vigelegele zaidi ndiye aliyeambiwa Jumanne, akiwa na uchungu wa kuzaa, anunue glavu na pamba kwanza kwa kuwa hospitali haina.

Mnanijibu kwamba pesa haina dini, ikiingia nyumba ya Mungu inatakasika. Wapi mmeyasoma hayo? Wakuu wa makuhani waliomlipa Yuda vipande 30 vya fedha hawakuwa watu wema, lakini alipovitupa hekaluni walikataa kuviweka katika sanduku la sadaka. Walisema si halali, ni kima cha damu. Mathayo 27 iko wazi. Yaani hata waliopanga kifo cha Bwana waliona aibu ambayo sisi hatuioni.

Na enyi wa misikiti, Ibn Amir alipokuwa mgonjwa, Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alikwenda kumtazama. Mgonjwa akamwomba amwombee dua. Ibn Umar akamjibu kwa hadithi ambayo Imam Muslim ameipokea katika mkusanyo wake wa hadithi: swala haikubaliwi bila tohara, wala sadaka inayotokana na mali ya umma iliyoibwa haikubaliwi. Kisha akaongeza, “Nawe ulikuwa gavana wa Basra.” Mtu yuko kitandani, anaomba dua tu, na bado mwanachuoni hakumfichia. Leo sisi tunamtandikia zulia mtu mzima wa afya, aliyetajwa katika ripoti ya ukaguzi, tena tunampa nafasi katika safu ya mbele.

Mtume alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema, hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari na kuuliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama ataletewa zawadi hiyo? Kipimo hicho kinatosha kwa kila bahasha anayopewa mwenye cheo. Nasi tukigeuze upande wetu: kama msikiti wenu usingekuwa na kura, huyu angekuja?

Hasara kubwa ya pesa hizi ni ulimi wa kiongozi wa dini. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao. Padre aliyejengewa nyumba na gavana hatasema lolote dawa zikikosekana katika hospitali ya kaunti. Hakuna atakayemkataza, atajikataza mwenyewe. Atahubiri juu ya mavazi ya mabinti na ulevi wa vijana, dhambi za wanyonge, na waumini watamwelewa vizuri sana. Mwaka 2024 vijana waliposema hawataki siasa makanisani, wapo wazee waliowaita watovu wa adabu. Watovu wa adabu ni sisi tulioikodisha mimbari.

Kukataa kunawezekana. Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padre na 600,000 kwa kwaya na baraza la parokia, akaahidi milioni 3 zaidi na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitoa taarifa kwamba fedha hizo zirudishwe, na ahadi ya milioni 3 na basi akazikataa. Tena aliyetoa ni Rais wa nchi. Kwa hiyo msiniambie hamuwezi kumkatalia mwakilishi wa wadi.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya harambee, kamati iketi na kupitisha azimio, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na kusomwa mbele ya waumini: hakuna mgeni wa heshima aliye na cheo cha kuchaguliwa au anayekitafuta. Mwanasiasa ambaye ni muumini wenu anatoa sadaka yake kama muumini yeyote, ndani ya kikapu, bila kutangazwa. Wekeni kiwango ambacho mchango ukikipita haupokelewi kwa noti, bali kwa hundi au benki, kwa jina la mtoaji mwenyewe na si la “marafiki”. Kila mchango uwe na risiti, uingie benki siku inayofuata, na akaunti iwe na watia sahihi watatu wasio ndugu. Orodha ibandikwe mlangoni. Kipaza sauti kisitoke mikononi mwa kiongozi wa ibada. Mgeni anaweza kutambuliwa akiwa ameketi.

Mipango hii huharibikia mahali pawili. Kwanza ni kwenye ahadi. Kamati inasikia milioni, inaagiza mabati kwa mkopo, mheshimiwa anapotea, na deni linawarudia wajane. Msinunue hata msumari kwa ahadi. Pili ni kwa mwenyekiti anayepewa bahasha yake pembeni, “ya mafuta ya gari”. Hiyo iandikwe kwenye azimio kwamba ni marufuku, na atakayeipokea aache kiti.

Na sisi raia tuambiane ukweli. Mbunge asiyetoa katika matanga na harusi tunamwita mkono wa birika, halafu tunalia kwamba ameiba. Kazi tuliyomtuma ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Katiba, Ibara ya 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti zake ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Isomeni ya kaunti yenu baada ya ibada. Sura ya Sita, ya uongozi na uadilifu, ifundishwe katika katekisimu na madrasa. Msitoe baraka kwa wagombea. Msiwaapishe watu kwa vitabu vitakatifu ili wampigie mtu kura.

Wanangu, simchukii mwenye dhambi. Akija anayetaka kutubu, mpokeeni kwa mikono miwili na mlieni naye. Lakini mwambieni masharti yote. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, hakutoa mchango wa sinagogi. Alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Na toba katika Uislamu, dhambi inapogusa haki ya mwanadamu, haitimii mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe. Aliyekula pesa za zahanati azirudishe kwenye hazina ya umma, na kama anaogopa kwenda peke yake, padre au sheikh amsindikize hadi kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Kama fedha za namna hiyo zimo kwenye akaunti yenu tayari, msizitumie hata kwa choo. Iteni mkutano, tajeni kiasi na aliyetoa, mziandikie hundi zirudi kwake kwa barua yenye sahihi zenu, na nakala ibaki kwenye faili. Ikiwa mnajua ni mali ya kaunti iliyoibwa, msimrudishie yeye. Pelekeni taarifa kwa Tume hiyo ya Maadili na muulize fedha ziwekwe wapi. Paa lililobaki, changeni wenyewe hamsini hamsini, hata likichukua miaka minne.

Ni mimi mzee wenu.