Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi: Maji yakijaa, waachiwe ndege mafungu yao ya mchanga

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia wakati kaskazi inalegea na kusi bado haijashika, kwa sababu ninaloliomba lina msimu wake, na msimu wenyewe ni huu.

Anayeteremka leo hadi mlango wa mto Sabaki, au anayesimama ukingoni mwa hori ya Mida maji yakipwa, atakuta ndege wanaobadilika rangi. Chamchanga wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambao miezi yote ya joto walikuwa wa kijivu tu, sasa vifua vyao vinaiva wekundu wa matofali. Wengine, wakubwa kuliko hao, wanaanza kuota manyoya meusi kutoka usoni hadi tumboni. Hayo ni manyoya ya msimu wa kuzaa, lakini hawatazaa hapa. Kwao ni nyanda za Aktiki kule Siberia, hadi rasi ya Taymyr, ambako theluji ya sasa hivi bado haijaanza kuyeyuka. Wataondoka kwetu mwezi wa Aprili, wengine mwanzoni mwa Mei, ili wafike huko ardhi inapofunguka. Ni safari ya zaidi ya kilomita 8,000 kwa ndege ambaye uzito wake wa kawaida ni gramu 60 hivi.

Chakula cha safari hiyo hakiliwi njiani tu. Kinaliwa hapa kwetu, katika tope la Mida na la Sabaki, kabla ya kuondoka. Kwa wiki chache ndege hawa hula minyoo, kaa wadogo na konokono bila kupumzika sana, usiku na mchana, wakifuata maji yanavyotoka, hadi uzito wao unaongezeka kwa karibu nusu. Mafuta hayo ndiyo yatakayowavusha majangwa na bahari. Asiyeyapata ya kutosha huchelewa kuondoka, au hufika amedhoofu kiasi cha kushindwa kuzaa, na wengine hawafiki kabisa.

Hapo ndipo penye ombi langu. Maji yakipwa, ndege hutawanyika. Matope ni mapana, mvuvi anapita na wavu wake, akina mama wanaokota chaza, na ndege husogea hatua chache kisha wakaendelea kula. Wamezoeana nasi tangu zamani. Taabu huanza maji yakijaa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa kupita kawaida, bahari yetu hupanda zaidi ya mita 3, tope lote hufunikwa, na maelfu ya ndege hubanana juu ya mafungu machache ya mchanga yanayobaki juu ya maji. Wanasimama kwa mguu mmoja, wameficha midomo mgongoni, wanasubiri. Saa hizo chache ndizo za kuhifadhi walichokila. Na saa hizo hizo ndizo ambazo wageni hupenda ufuo: pikipiki za magurudumu manne hupita juu ya mafungu, mbwa huachiwa wakimbie, michezo ya tiara majini hukatiza mbele ya kundi, na siku hizi kuna droni. Kundi likiruka, watu hupiga picha na kushangilia. Linatua, linaruka tena. Nimeliona likirushwa mara nyingi ndani ya jua moja, na kila mruko umeunguza mafuta ambayo ndege alihangaikia usiku kucha.

Sisemi watu hao ni wabaya. Wengi wao wangesimama mbali kwa hiari kama kungekuwa na mtu wa kuwaeleza.

Naomba, Mheshimiwa, serikali ya kaunti itangaze mafungu ya mchanga ya mlango wa Sabaki kuwa mahali pa utulivu kuanzia katikati ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Mei, kwa saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Si siku nzima. Ratiba ya maji kila mvuvi anaijua kichwani, na saa hizo hata yeye hana kazi juu ya mafungu. Kwa upande wa Mida, ambayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, naomba ofisi yako ikae na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ili utaratibu uwe mmoja. Walinzi wawe vijana wa vijiji vya hapo hapo, walipwe kwa msimu, wapewe darubini na mamlaka ya kumrudisha mtu. Wako vijana wanaowatambua ndege hawa mmoja mmoja kwa sauti, na wengi wao hawana kazi.

Mamlaka unayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mipango ya ardhi, utalii wa mahali na utekelezaji wa sera za taifa za mazingira. Kenya nayo imeridhia Mkataba wa Viumbe Wanaohamahama pamoja na ule wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya na Asia.

Kwa nini haraka? Mwaka 2024 chamchanga huyo mwekundu na yule mwenzake wa tumbo jeusi waliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa kuhifadhi maumbile. Si ndege wa nadra wanaotafutwa na wataalamu peke yao. Ni hawa tuliowazoea, tuliodhani hawawezi kupungua.

Tena wapo wengine ambao Kilifi inajulikana kwao duniani. Yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye Mida ni mojawapo ya mahali pazuri kabisa pa kumwona, naye huondoka miezi hii kwenda pwani za Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Huko huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, kwa kawaida. Ndege wa yai moja hawezi kufidia hasara upesi. Keremkerem wekundu nao wanaelekea kaskazini, na mbayuwayu. Wakati huo huo kutoka Madagaska wanakuja Sabaki ndege wadogo wa kahawia wenye mabawa marefu, ambao hukaa nasi hadi Septemba wakati kwao ni baridi na kavu. Kwa hiyo mafungu hayo hayakai tupu, na desturi ya utulivu ikishaanzishwa itawafaa na hao.

Kuhusu tope lenyewe, nimesikia wenye hoteli wakililaumu kwa kuchafua rangi ya maji. Nawaelewa, na ni kweli kwamba udongo unaosombwa kutoka bara umezidi na unadhuru matumbawe. Dawa yake iko juu, mashambani na kwenye kingo za Athi na Galana, majina ya mto huu huu wa Sabaki kule juu. Lakini pale mlangoni tope ndilo chakula, na mpango wowote wa kuchimba, kuzoa mchanga au kujenga karibu na mlango wa mto usiidhinishwe kabla ya tathmini ya mazingira iliyohesabu ndege wa Machi na Aprili. Tathmini inayofanywa Julai itawakosa karibu wote.

Bamvua za Aprili ziko karibu. Hata kabla ya kanuni kupitishwa, barua moja kutoka ofisini kwako kwa hoteli na kwa wanaokodisha pikipiki za ufuoni ingetosha kwa msimu huu, na mabango mawili, moja kila upande wa mto. Niko tayari, pamoja na wengine wanaowapenda ndege hawa, kusimama pale mchangani saa za maji kujaa na kuwaeleza wageni hadi walinzi wapatikane.

Wako kwa heshima,

Mkazi wa Kaunti ya Kilifi