Vijana wa White Sox, jezi bado iko kwangu

Wanangu, nyie mnaojazana besimenti kwangu kila Jumapili kipindi cha besiboli,

Salamu kwanza. Najua barua ndefu hamsomi, mnaniambia kila siku babu andika fupi, lakini hii nimeandika usiku, usingizi wa wazee mnaujua wenyewe, kwa hiyo vumilieni.

Nianze na ile Jumapili ya mwezi wa tisa 2025. Timu yetu ya White Sox, hapa Chicago, ilikuwa imeshafikisha vichapo 100 kwa msimu, mwaka wa tatu mfululizo, na mmoja wenu (simtaji, wazazi wake ni watu wa Burundi na yeye kakulia Rogers Park) akavua jezi pale pale, akaitupa nyuma ya sofa, akasema "babu mimi nahamia Cubs," ile timu ya kaskazini mwa mji. Wengine mkacheka. Ila kilikuwa kicheko cha mdomoni tu, niliwaona. Mkapanda ngazi moja moja mkaondoka, na pilau ikabaki nusu sufuria. Sasa kwangu mimi pilau haijawahi kubaki, tangu nimekuja mji huu 1989, ndo nikajua hili jambo si la utani.

Siwaambii mvumilie. Mmeambiwa hivyo toka mko darasa la nne. Wanasema subira yavuta heri, sawa, ila mimi siku hizi nauliza yavuta heri ya nani, maana hapa South Side, kusini mwa mji, naona tunavuta sisi halafu heri inaenda kwa mwenye timu. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba hasira yenu ni ya haki kabisa, ila mnaimwaga pasipo. Mnawamwagia watoto.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana wengine mlikuwa wadogo.

Desemba 2016 viongozi walisema basi, tunavunja, tunasuka timu upya. Wakamuuza Chris Sale kwa Boston, mrushaji ambaye mimi nilikuwa nikipaki teksi kabisa ili nimsikilize redioni akiwa zamu yake, siku hiyo hesabu ya tajiri naitoa mfukoni kwangu. Wakamuuza Adam Eaton, mwaka uliofuata José Quintana akavuka mji kwenda kwa hao hao Cubs. Tukaletewa yosso: Moncada, Giolito, Kopech, Eloy Jiménez, Dylan Cease. Na yosso walikuwa wazuri! Hilo watu wanasahau. 2018 tukapoteza mechi 100, tukasema sawa ndo bei yenyewe, wanakua. 2020 tukaingia mtoano, 2021 tukashinda 93 na kuchukua kundi letu.

Sasa hapo ndo penyewe. Kusuka upya kuna hatua mbili, ya kwanza unauza wakubwa unakusanya watoto, hiyo kila mtu anaiweza, hata mimi na teksi yangu naiweza. Ya pili, watoto wakishaiva, unatoa hela unawaletea watu wazima wa kukaa nao. Hii ya pili ndo haikufika, na dalili tuliziona mapema. Kumbukeni ile hadithi ya yule nyota Manny Machado mwanzoni mwa 2019, walimtaka, wakamchukua shemeji yake Yonder Alonso, wakamsajili na rafiki yake Jon Jay, yaani unataka kuoa unaanza kuwalipa mishahara ndugu wa bibi harusi, halafu mahari yenyewe hufikishi! San Diego wakaja na dola milioni 300 wakaondoka na bibi harusi, sisi tukabaki na shemeji. Mpaka leo nikikumbuka nacheka na uchungu. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya timu hii ni wa Benintendi, milioni 75. Mji wa tatu kwa ukubwa Marekani nzima. Milioni 75!

Halafu kocha, mwaka 2020 vijana wanatoka mtoano wakapewa Tony La Russa mwenye miaka 76. Mimi mzee na naheshimu wazee wenzangu, ila hapana.

Basi ikaporomoka. 2022 nusu kwa nusu, 81 kwa 81, 2023 vichapo 101, wakubwa wa ofisi Kenny Williams na Rick Hahn wakafukuzwa mwezi wa nane, kiti akapewa Chris Getz aliyekuwa humo humo ndani. Na 2024 mnaijua, vichapo 121, kuna ile ya 21 mfululizo kuanzia Julai mpaka Agosti, kocha Grifol wakamtimua siku mbili baada ya ile gundu kukatika, sijui walikuwa wanasubiri nini. Na mwaka huo huo Sale, yule yule tuliyemuuza ili tujengwe, akachukua tuzo ya mrushaji bora kule Atlanta.

Kwa hiyo mtu akiniambia "babu wanajenga upya" mimi namuuliza, ujenzi upi huu, kuna nyumba hapa tayari ilifika lenta ikaachwa ikanyeshewa.

Sasa niwaeleze usiku mmoja. Tarehe 24 Septemba 2024, Jumanne, nilipanda treni ya Red Line mpaka Sox-35th peke yangu. Timu ilikuwa na vichapo 120, kimoja tu ivunje rekodi ya vichapo ya zama hizi, ya timu ya Mets wa 1962, na watu walijaa kuliko kawaida ya mwaka ule, wamekuja kama msibani, ila msiba wa mtu asiyependwa. Nilinunua mahindi yale ya kwenye kikombe, ya Wameksiko, yana ndimu na pilipili, mimi bila hayo uwanjani siendi, nikila nafumba macho naona Tanga, Raskazone, jioni. Pembeni yangu kakaa bibi wa Kimarekani mweusi, mtu mzima kunizidi, ana daftari la kuandikia mechi, kila mrusho anaweka alama kwa penseli. Kila mrusho! Timu ya vichapo 120! Uwanja mzima unaimba "sell the team", uza timu, uza timu, na yeye anaimba nao, tena kwa nguvu, na mkono hauachi kuandika. Mpaka ining ya nane kati ya zile zamu tisa tuko nyuma 2-0, halafu wakageuza, 3-2, wageni wetu Angels hoi. Watu hawakujua washangilie au wazomee, wengine walikuja kuona rekodi ikivunjwa na wameikosa. Yule bibi akafuta penseli kwenye sketi yake, akaniambia yule kijana aliyegonga mwanzo wa ining ameanza kusubiri mpira, mwezi uliopita alikuwa anakurupuka.

Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa naangalia ubao wa matokeo tu. (Rekodi ilivunjika Ijumaa yake kule Detroit, hilo halikukwepeka.)

Mnaona alivyofanya? Mdomo wake ulikuwa kwa mwenye timu, macho yake yalikuwa kwa mtoto, na hakuchanganya. Nyie mnachanganya. Mtoto wa miaka 23 akikosa mpira mara tatu mnamrushia matusi ambayo yangetakiwa yapande lifti mpaka ofisini.

Na mimi sijitoi. Aprili ya 2025 nilisema mbele yenu wote kwamba Colson Montgomery ni garasa. Mnakumbuka, mkanipigia na makofi. Kijana alichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2021, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, miaka yote tunaambiwa huyu ndo shotistopu wa baadaye, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, halafu yuko Charlotte, ligi ya chini yake moja tu, na kati ya mara mia hafikishi hata mara 15 za kugonga mpira salama. Wakamtoa mechini kabisa wakamrudisha Arizona kwenye kambi ya mazoezi, kama mtoto anayerudishwa chekechea, afundishwe kugonga upya. Nikasema mmeona, kwisha. Julai wakampandisha ligi kuu, mechi 71, homu rani 21, yaani mipira aliyoigonga mpaka nje ya uwanja. Ishirini na moja! Nikawa nanyanyuka kwenye kiti na magoti haya. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia babu ulisema garasa, na hiyo ni adabu nzuri, ila leo nakiri mwenyewe kwa maandishi. Shane Smith naye, timu nyingine ilimwacha bila ulinzi tukamwokota kwenye ile drafti ya Desemba ya wachezaji wasiolindwa, msimu wake wa kwanza tu akaitwa mechi ya nyota.

Ndo maana nasema watoto wapeni muda, wenye ofisi msiwape. Hao wa ofisini muda wao wameshakula. Mwenye timu, mzee Reinsdorf, na wenzake waliinunua 1981 kwa milioni 20 hivi, na haki yake apewe, 2005 tulichukua kombe, miaka 88 toka lile la 1917, mimi usiku ule niko kwenye teksi Halsted, redio, 1-0 kule Houston, abiria akashuka bila kulipa na mimi sikumdai. Lakini kombe la 2005 limeshatafunwa mpaka mfupa. Sasa hivi kuna makubaliano na tajiri Justin Ishbia, kwamba kuanzia 2029 mzee anaweza kumwachia timu akitaka, na baada ya msimu wa 2034 Ishbia naye anaweza kuichukua. Pigeni hesabu umri wenu. Mimi wangu nimeshapiga.

Kama mna hasira, tumieni mfuko. Msinunue jezi mpya kila wakibadilisha mshono, kaeni viti vya juu vya bei ndogo, imbeni mnachotaka kuimba. Ila akija mtoto mpya kutoka timu zetu za ligi za chini, Birmingham au Charlotte, mechi yake ya kwanza, mpigieni makofi hata akikosa yote.

Na huko mbele kukoje? Sitawadanganya. Astros wa Houston walipoteza 106, 107, 111, miaka mitatu, kisha 2017 wakachukua kombe, tena lina doa la kuiba ishara za wapinzani na kupashana kwa kupiga pipa la taka. Baltimore walipoteza 110 mwaka 2021, 2023 wakashinda 101 wakatolewa mtoano bila kushinda hata mechi. Cubs hao hao mnaowakimbilia walipoteza 101 mwaka 2012, kombe 2016. Kwa hiyo inawezekana, ila hakuna mahali imeandikwa kwamba ukipoteza sana lazima ushinde sana. Sisi tulikuwa wabovu kuliko wote 2024 na kwenye drafti ya 2025 tukachagua wa 10, kwa sababu sheria inasema timu ya mji mkubwa haipati zile nafasi za juu zinazopigiwa bahati nasibu miaka miwili mfululizo, hata ubovu wetu haukutufaa! Desemba 2025 angalau kura ilituangukia, tukapata nafasi ya kwanza ya drafti ya 2026. Na wamemleta Murakami kutoka Japani, yule aliyepiga homu rani 56 msimu mmoja kule kwao, milioni 34 kwa miaka miwili. Si nyingi, ila ni hela imetoka. Mimi naangalia hapo. Montgomery, Kyle Teel na wenzao wakiiva halafu ofisi ikaanza tena habari za mashemeji, nitavua jezi mimi mwenyewe, na nyie mtanishika mkono nisidondoke.

Kuhusu Cubs. Mwanangu wa Rogers Park, wewe unakaa kaskazini, kwenu kihalali ni Cubs, sikulaumu sana. Ila mimi ni Yanga. Nimeona Simba wakibeba ubingwa 2018 mpaka 2021, miaka minne, mdogo wangu kule Tanga ananipigia simu kila ubingwa, anacheka tu bila kuongea halafu anakata. Sikuhama. Baadaye Yanga wakabeba minne yao na mimi nikawa napiga simu. Bili ilikuwa kubwa. Hata Papa Leo ni White Sox, mimi Mwislamu lakini siku ile Mei 2025 nilifurahi kama tumeshinda mechi, mtu kaukwaa upapa na hakuhama.

Haya. Mechi za nyumbani zikianza tutaenda wote, tutafika mapema, nataka niwaonyeshe kule kwenye maegesho ya magari lile jiwe lililowekwa pale ilipokuwa hom pleti, anaposimama mpigaji, ya uwanja wa zamani, nilikaa juu yake kabisa kwenye viti vya bei ya chini mwaka wa mwisho, 1990. Mahindi nanunua mimi. Pilau nitapika ndogo, nimeshajifunza.

Na wewe uliyetupa jezi: nimeifua, doa la rojo limetoka, kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia nikakishona. Iko kwenye hanga nyuma ya mlango wa besimenti, mlango siufungi.

Babu yenu