Kila tukipiga simu tunaambiwa zima ruta washa ruta

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi nimseme mtoa huduma wetu wa intaneti huku Nyakato, jina silitaji, akisoma atajijua mwenyewe. Mi nina duka la steshenari, natoa kopi na kuwajazia vijana fomu za mkopo wa chuo, sasa wiki iliyopita siku 3 nzima hakuna tovuti hata moja inafunguka na taa za ruta zote ni za kijani, alafu cha ajabu meseji za WhatsApp zinaingia. Nikapiga huduma kwa wateja mara 4. Zima ruta, subiri dakika 5, washa. Nimezima mpaka swichi imelegea.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo Malimbe. Alikaa kwenye kompyuta akapingi (yaani akatuma ujumbe mdogo wa majaribio kuona kama utajibiwa) 8.8.8.8, namba ya seva ya Google, majibu yakaja fasta, akapingi jina la tovuti, hamna kitu. Akasema baba mdogo laini yako ni nzima, kilichokufa ni DNS, yaani ile seva inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ndo kompyuta ijue inaenda wapi. Ni sawa na ufike Mwaloni Kirumba kumtafuta mama fulani wa dagaa, soko lipo, dagaa wapo, njia iko wazi, ila anayejua kizimba chake kasinzia. WhatsApp ilikuwa inapita pengine kwa sababu ilishazihifadhi namba za seva zake, haikuhitaji kuuliza tena. Kuhakikisha akaiuliza DNS ya mtoa huduma wetu anuani ya tovuti, kimya, akaiuliza ya kampuni nyingine, Cloudflare, namba yake 1.1.1.1, jibu hapo hapo.

Sasa dawa ilikuwa ni kubadilisha tu DNS kwenye ruta, nyumba nzima ikapona, lakini ruta waliyotupa wameifunga na nenosiri hawatoi, eti usalama. Ikabidi tuhangaike na kifaa kimoja kimoja. Kwenye simu ya Android unaingia mipangilio ya Wi-Fi, sehemu ya IP unachagua Static, kwenye DNS 1 unaandika 8.8.8.8 basi, kompyuta nazo tukaziwekea 1.1.1.1 kwa mkono, televisheni ikatushinda tukaiacha.

Nikawapigia mara ya 5 kuwaambia tatizo ni DNS yenu, dada wa watu (simlaumu, anasoma alichoandikiwa) akaniuliza, umejaribu kuzima ruta? Jioni ikaja meseji kwamba tatizo langu limetatuliwa. Limetatuliwa na nani?

Ninachoomba si kikubwa. Wawafundishe wapokea simu wao kuuliza kama namba inajibu na jina halijibu, seva ikilala watutumie meseji tujue badala ya kutuzungusha na ruta, na hiyo sehemu ya DNS waifungue. Na zile siku 3 waniongezee mwisho wa mwezi, risiti ninayo.

Mwenye steshenari,
Nyakato, Mwanza