Risala ya Kikundi cha Waraibu Wanaopata Nafuu na Familia Zao kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanakikundi, ambao wengi wetu tumewahi kukaa gerezani, tunakukaribisha katika maadhimisho haya ya tarehe 26 Juni. Tunafahamu wingi wa majukumu yako, na tunashukuru sana kwamba umekuja mwenyewe.

Kikundi chetu kilizaliwa nje ya dirisha la dawa, miongoni mwa watu waliokuwa wakizungumza baada ya kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, yaani heroini, miaka michache baada ya huduma hiyo kuanza Muhimbili mwaka 2011 na kusogezwa Mwananyamala na Temeke. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa. Tumesimika mradi wa ushonaji wenye cherehani mbili, bustani yetu ya mchicha inahudumia soko la mtaa, timu yetu ya mpira inaheshimika katika kata nzima, na wapo wenzetu waliorudi kulea watoto ambao walikuwa wamekwisha kuzoea kuishi bila wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunalo jambo moja zito, nalo ni kukatika kwa dawa kwenye lango la gereza. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya muuguzi. Mwenzetu akikamatwa, hata kwa kosa la uzururaji, dozi yake inabaki hospitali na yeye anabaki mahabusu. Baada ya siku moja au mbili arosto inaanza: anatapika, anaharisha, viungo vinauma, usingizi haupo. Askari wa zamu ambaye hakupata mafunzo humwona mkorofi. Akipitisha siku kadhaa bila dawa, hata akirudi kliniki hawezi kupewa kipimo chake cha awali, bali huanzia chini na kupandishwa taratibu, na katika siku hizo unga unamwita kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya siku anapoachiliwa. Mwili uliokaa miezi bila dawa umepoteza ustahimilivu, lakini mtu anarudi maskani na kutumia kipimo kile cha unga alichokizoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Sisi tunazijua wiki hizo mbili kwa misiba.

Jimbo la Rhode Island, ambako mahabusu na wafungwa wako chini ya idara moja, lilianza mwaka 2016 kuwapa dawa za kutibu uraibu wakiwa ndani na kuwaunganisha na kliniki wanapotoka. Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, watu 26 miongoni mwa waliokufa jimboni kwa kuzidisha dawa walikuwa wametoka kifungoni karibuni. Katika kipindi kama hicho mwaka 2017 walikuwa 9. Aidha, Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, katika kanuni ya 24, zinataka matibabu ya mfungwa yawe ya kiwango kile kile cha uraiani na yasikatike, na utegemezi wa dawa za kulevya umetajwa humo waziwazi.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Tulilisoma mwaka juzi, na mgeni rasmi wa siku hiyo akatuahidi chumba cha dawa ndani ya gereza kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Tulipiga makofi na tukamwandikia barua ya shukrani. Mwaka jana mgeni mwingine alitueleza kwamba suala liko kwenye mchakato, nasi tukaliheshimu jibu lake. Chumba kilichotajwa mpaka leo kinahifadhi majembe. Tunalisema hili kwa sababu baadhi ya waliopiga makofi pamoja nasi tumekwisha kuwazika.

Tumewahi kuambiwa kuwa dawa hiyo itauzwa ndani ya gereza. Hofu hiyo ina msingi, maana methadoni ni dawa kali, lakini ni dawa ya maji, hunywewa muuguzi akitazama, na mnywaji huzungumzishwa mpaka ithibitike kuwa amemeza.

Wewe ndiwe Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, na polisi na magereza wote wanakusikiliza. Kwa unyenyekevu tunaomba uwakutanishe na Mganga Mkuu wa Wilaya ili, wakati chumba kikisubiri bajeti, muuguzi apelekwe gerezani kila asubuhi na kasha la dawa lenye kufuli. Kituo cha polisi kiulize kliniki mara kinapompokea mtu anayesema yuko kwenye methadoni. Na kliniki ijulishwe kabla mgonjwa wake hajaachiliwa, apokelewe siku hiyo hiyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo jipya.

Tunakuomba pia, katika hotuba yako ya leo, ututajie tarehe ya kikao hicho na ofisa ambaye tutamfuata kuuliza kilichoamuliwa.

Tunaomba kuwasilisha.