Mwanangu, ufunguo uwe wa mwisho

Mwanangu mpendwa,

Jana ulipokata simu sikupata usingizi. Umesema betri mpya umeshanunua, na Jumamosi wewe na binamu yako mtaisukuma Land Rover ya babu yako itoke bandani hapo Muheza, mpige stata muone kama itaitika. Ningekuwa na uwezo ningepanda basi usiku uleule, lakini daktari amenikataza safari na kuinama mpaka jicho lipone. Kwa hiyo nakuandikia, maana maneno ya simu huingia sikio hili yakatokea lile. Ninalokuomba ni moja tu: ufunguo usiuguse mpaka uwe umemaliza yote yaliyomo humu.

Land Rover ile ililazwa mwaka 2014, msimu wa machungwa ulipokwisha. Tangu siku hiyo oil yote imeteremka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na kule juu kwenye silinda, vavu (vile vilango vya kupitisha hewa na moshi) na beringi kumebaki utando mwembamba ambao nao umekauka. Injini inaposimama, kuna vavu zinazobaki wazi, na unyevu wetu wa pwani huingilia humo. Ringi za pistoni hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Ukiipiga stata katika hali hiyo, utakuwa unasuguanisha chuma kwa chuma. Inaweza kuwaka, mkapiga vigelegele, kumbe dakika hiyohiyo ndiyo imeanza kufa.

Kwanza weka kabari za mbao magurudumu yote, mbele na nyuma. Usitegemee handibreki. Ya Land Rover hizi haikamati magurudumu, inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiwa juu ya jeki, gari linaweza kutembea na handibreki imevutwa. Watu wamelaliwa na gari hivyo.

Kabla hujaingiza mkono popote, chungulia kwa tochi, chini ya viti pia. Banda lile lina nyoka. Panya watakuwa wamekula nyaya, na nyigu wamejenga kwenye eksozi. Bakuli la chujio la hewa lina oil yake chini. Limwage, lisafishe, utie mpya.

Sasa petroli. Hapa nisikilize kama hunisikilizi kwingine kote.

Lile kovu la mkononi mwangu, ulipokuwa mdogo nilikwambia ni uji wa moto. Haukuwa uji. Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa gereji, tukaletewa pikapu iliyolala muda mrefu, mwenyewe amesimama anaharakisha. Nikawa namimina petroli kwenye mdomo wa kabureta, pale petroli na hewa vinapochanganyika, kutoka kwenye chupa ya soda, mwenzangu anapiga stata. Injini ikatema moto kwa juu. Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Nilinusurika kwa sababu mtu mmoja alikuwa na blanketi karibu. Sikukuambia kwa kuwa sikutaka uogope magari. Leo nataka uogope kitu hicho kimoja: usimimine petroli kwenye kabureta kwa chupa, hata wakija mafundi kumi wakakuambia ndivyo inavyofanywa.

Petroli iliyo ndani imeoza. Utaisikia harufu yake, kali kama vanishi, na imeacha gundi kwenye mabomba. Tangi lina nati ya kutolea mafuta chini. Ifungulie nje, kwenye upepo, betri ikiwa bado haijaunganishwa, na jiko la shangazi liwe mbali kabisa. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya mchanga mkavu. Badilisha mipira yote ya mafuta, kwani ya zamani hupasuka petroli mpya ikiigusa. Pampu ina kikombe cha kioo. Kioshe, na tope lililomo usilirudishe.

Maji ya rejeta yamwage, utie masafi, ukague mipira na mkanda wa feni. Hilo halina mengi.

Oil ya zamani imwage na filta ubadilishe. Angalia ringi ya mpira ya filta: ya zamani hung'ang'ania juu, na ukiweka mpya juu yake oil yote itamwagika injini ikiwaka. Oil ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Simama hapo, nipigie. Ikiwa nyeusi tu, tia 20W-50 mpya.

Kisha fungua plagi zote nne, utie oil kama vijiko viwili kila tundu, uache ilale mpaka kesho yake. Ndiyo maana nasema Jumamosi isiwe siku ya kuwasha, iwe siku ya kuanza. Asubuhi fungua kifuniko cha juu, umimine oil juu ya vavu. Gia iwe fri. Hendeli ya kuzungushia injini babu yako aliiweka nyuma ya kiti. Izungushe taratibu kwa mkono, mwendo wa mishale ya saa ukiwa umesimama mbele, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono. Binamu yako atazame vavu zote nane: kila moja ishuke na ipande. Inayobaki chini imekwama. Ilainishe kwanza, la sivyo fimbo yake itapinda.

Injini ikigoma kuzunguka, usiongeze bomba kwenye hendeli. Na usikubali ivutwe na trekta ikiwa kwenye gia, najua kuna atakayekushauri hivyo. Ongeza oil, subiri siku mbili, tatu, jaribu tena. Miaka yote hiyo imelala, wiki moja haitaidhuru.

Ikizunguka vizuri, ndipo uunganishe betri, hasi iwe ya mwisho. Chomoa waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi, uufunge kwa tepu, ili pasiwe na cheche. Plagi zikiwa bado nje, piga stata sekunde kumi, ipumzishe, rudia, mpaka taa ya oil izimike. Taa hiyo ikizimika, mama yangu, jua oil imefika.

Rudisha plagi na kila ulichofungua, waya wa koili pia. Tia petroli mpya tangini, kisha jaza kabureta kwa kupampu ule wenzo mdogo wa mkono kwenye pampu ya petroli, ukague kama kuna panapovuja. Kabla ya kuwasha, gari liwe nje. Moshi wa eksozi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na bandani mtu huishiwa nguvu kabla hajajua. Sasa washa. Taa ya oil isipozimika mara moja, zima. Itatoa moshi mwingi wa oil uliyotia, usishtuke, utapungua. Usikanyage mafuta kuingurumisha. Iache ingurume polepole ipate joto, kisha izime unuse kijiti cha oil: ikinuka petroli, kiwambo cha pampu kimepasuka na mafuta yanaingia kwenye sampu, usiiwashe tena.

Na isitoke uani mpaka fundi afungue breki zote na kubadilisha maji yake.

Ikiwaka, iache kwanza itulie, halafu nipigie na uishike simu upande wa vavu. Babu yako alikuwa ananifanya nifumbe macho niisikilize. Nataka kuisikia.

Baba yako