Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mnaotafutia mabinti majina

Wajukuu zangu wa Mwanjelwa, Uyole na Ilomba, mugonile.

Nasikia mmoja wenu amejifungua binti, na wiki nzima jina linatafutwa kwenye simu. Nimeandika daftari la ubatizo huku Rungwe miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie.

Kurasa za zamani zimejaa kina Bupe, Atupele, Atuganile, Tusajigwe. Wamisionari walifika Unyakyusa mwaka 1891, na majina ya namna hii yakashika kasi makanisani. Atupele ni "ametupa", Atuganile ni "ametupenda". Aliyetupa hatajwi, maana kila mtu anamjua. (Wala si lazima awe msichana. Vukeni Songwe muingie Malawi: Atupele Muluzi, aliyewahi kuwa waziri huko, ni mwanamume.) Mbele kidogo wanaingia kina Zawadi, Upendo na Neema. Kurasa za juzi ni Gift, Lovness, Precious, na mmoja nilimfuta mara tatu kwa sababu mama mwenyewe hakujua "y" inakaa wapi.

Haya, Bupe ni zawadi, na Gift ni zawadi. Lugano ni upendo, na Lovness ni huyo huyo. Mtoto ni yule yule, tunambadilisha gauni tu.

Na mimi ni mmoja wa mafundi cherehani. Binti yangu alipozaliwa, 1979, mama yangu alitaka aitwe Bupe. Nilikuwa nimepata kazi ya serikali juzijuzi, nikaona Bupe linanuka moshi wa jikoni. Nikaandika Zawadi. Mama hakubishana nami. Alimwita Bupe mpaka tunamzika, na mtoto aliitikia wito wa bibi yake upesi kuliko wangu. Zawadi akamzaa Gift. Cheti cha Gift kikatoka ofisini kimeandikwa "Gifti", tukapanda basi la Tukuyu hadi Mbeya mara nne kuisaka haki ya herufi moja.

Msiniambie jina la kawaida litamchelewesha mtoto. Tulia Ackson alikuwa mbunge wa hapo hapo Mbeya Mjini, akawa Spika mwaka 2022, na mwaka uliofuata akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Anaitwa Tulia, basi.

Simkatazi mtu Brianna. Ila kabla hamjaenda kuandikisha, mpelekeni mtoto kwa bibi yake mzaa baba au mzaa mama, mlitaje jina, mmsikilize naye akilitaja. Likimshinda, mpeni mtoto na la pili ambalo bibi ataliweza, na liandikwe kwenye cheti. Lisiwe la kuitia uani tu. Na mjiandae, kwa sababu siku moja atauliza maana yake, na "tulilipenda lilivyosikika" halitamtosha.

Huyo wa wiki hii nitakuja kumwona Jumamosi, na mkungu wa ndizi. Kama simu itakuwa haijawapa jibu, mimi nitamwita Bupe. Tuone kama ataitikia.

Babu yenu, Rungwe